Nilivyochezesha rili za enzi ya Videofreex kwa umeme wetu wa hezi 50

Kila niliyemuuliza alinijibu vilevile: "Nunua transfoma ya kushusha, chomeka, kwisha kazi." Ushauri huo ulinila wiki tatu.

Rili zangu si za Videofreex wenyewe, lile kundi la wapiga video huru wa Marekani. Zao, zaidi ya 1,500, zimehifadhiwa Video Data Bank mjini Chicago. Zangu ni za aina ileile na wakati uleule: mkanda wazi wa nusu inchi, picha nyeusi na nyeupe, kutoka Marekani. Kundi lile lilianza New York mwaka 1969, na mwaka huohuo likamhoji Fred Hampton, kiongozi wa Black Panther mjini Chicago, muda mfupi kabla polisi hawajamuua tarehe 4 Desemba. Kampuni ya televisheni ya CBS iligharimia kipindi chao kisha ikakikataa. Mwaka 1972, wakiwa Lanesville kwenye milima ya Catskill, wakaanza kurusha televisheni yao bila leseni. Ila mimi urithi wao naupimia kwenye bisibisi: mwaka 1973 walitoa Spaghetti City Video Manual, kitabu cha kumfundisha mtu wa kawaida kufungua mashine yake na kuitengeneza.

Kabla ya chochote, jua mkanda ni wa mfumo gani. Wa 1969 mara nyingi ni CV, mfumo wa mwanzo wa Sony, unaorekodi nusu-picha moja na kuruka ya pili. Baadaye watengenezaji wakahamia EIAJ-1, mfumo wa pamoja wa viwanda vya Japani. Upana ni uleule, milimita 12.7, na kwa macho huwezi kuitofautisha, lakini CV kwenye mashine ya EIAJ haitulii hata uzungushe vitufe mpaka alfajiri.

Sasa ile transfoma. Mashine yangu, Sony AV-3650 ya Kimarekani, inataka volti 117 na hezi 60, yaani mizunguko 60 ya umeme kwa sekunde. Transfoma inashusha volti tu. Hezi inaziacha 50 kama zilivyotoka kwenye nguzo. Mota yake hufuata hezi za umeme, kwa hiyo ngoma ya vichwa vinavyosoma mkanda, inayopaswa kuzunguka mara 1,800 kwa dakika inaishia 1,500, na mkanda unaopaswa kwenda sentimita 19 kwa sekunde haufiki 16. Picha inachanika vipande, na kila mwanamke anaongea kama babu mwenye kikohozi. Mimi, fundi mzima, nikabadilisha belti mbili, nikasafisha vichwa mara nne, nikalaumu mkanda.

Nilipogundua kosa nikajiona mjanja: ongeza kipenyo cha puli ya mota kwa moja ya tano, mwendo urudi. Nikaizungushia utepe wa umeme, tabaka juu ya tabaka, napima kwa kalipa kama sonara. Sauti ikarudi! Nilipiga makofi peke yangu. Dakika kumi baadaye mota ikapata joto, gundi ya utepe ikalainika, puli ikawa yai, na picha ikaanza kuyumba kama jahazi la kaskazi. Kuondoa ile gundi kwenye belti mpya, niacheni.

Dawa ilikuwa betri ya gari na inverta ya Kimarekani, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nguzo: inatoa volti 120 na hezi 60 moja kwa moja, hakuna haja ya transfoma. Wati 300 zinatosha. Lazima iwe ya wimbi safi (pure sine), laini kama la umeme wa nguzo. Zile za bei poa za wimbi la ngazi zinapasha mota joto na kuchora mistari kwenye picha. Yangu ilikula laki mbili na ushee, usafiri sikumbuki. Inverta nyingi za madukani kwetu zinatoa 230 na 50, soma kibandiko.

Mkanda nao una ugonjwa wake. Gundi inayoshika unga wa sumaku hunyonya unyevu, na pwani unyevu hatuununui. Vuta mita moja kwa mkono: ukig'ang'ania tabaka la chini badala ya kudondoka wenyewe, usiuchezeshe, utapaka lami kwenye vichwa. Uoke. Oveni ya jikoni hapana, joto lake linapanda na kushuka linavyotaka. Nilitumia kikaushio cha matunda chenye feni, nikaweka termometa ya pembeni kwa sababu siamini namba za kitufe: nyuzi 54 za Selsiasi kwa muda wa saa nane, nikigeuza rili kila baada ya saa mbili, kisha ipoe saa nane nyingine. Nafuu hiyo ni ya wiki chache tu, kwa hiyo kompyuta ya kurekodia iwe tayari.

Vichwa visafishwe kwa isopropili ya asilimia 99 na kitambaa cha ngozi laini, kwa kufuata mzunguko wa ngoma. Ukipitisha juu na chini utavivunja. Pamba za masikio huacha nyuzi.

Juu ya picha kukipinda kama bendera, rekebisha taratibu kitufe cha skew, kinachopanga mvuto wa mkanda. Kadi ya kompyuta ya kunasia video haivumilii mtetemo wa mikanda hii, hivyo pitisha kwanza kwenye kirekebisha-mwendo (TBC), kifaa kinachotuliza picha. Mimi nilipitisha kwenye rekoda kuukuu ya DVD na ikanitosha. Na tundu la video la mashine hizi ni la skrubu, lilelile la antena ya redio kolu. Adapta ipo kwa mafundi wa redio, si kwa wauza televisheni.