Kompyuta kali, kasha dogo: nilivyoshusha joto

Kasha langu ni la lita 11, ubao-mama wa Mini-ITX (saizi ndogo ya sentimita 17 kwa 17), na kadi ya michoro imebanwa ubavuni. Nikicheza gemu nusu saa, kadi inafika nyuzi 86, feni zinavuma kama jenereta ya jirani. Na hapa Dar chumba chenyewe ni 31!

Nikaongeza feni chini. Wapi! Kumbe ya juu nilikuwa nimeifunga kinyume: inaingiza hewa badala ya kuitoa, inagongana na ya chini, joto halina pa kutokea. Nikaigeuza, nyaya nikazibana nyuma ya pawa saplai. Kisha nikapunguza kidogo volteji ya kadi. Kasi haikushuka kiasi cha kuonekana.

Sasa inaishia 74. Kioo cha ubavuni nimekibadilisha kwa bati lenye matundu, ingawa vumbi nalifuta kila wiki.