Kwanza choo, mandhari baadaye

Kiangazi cha mwaka juzi nilimwaga lita nzima ya maji kwenye mizizi ya mti, nimekasirika, huku aibu imenijaa mpaka kooni. Maji yalikuwa ya baba yangu. Nilimpa chupa ile saa 2 asubuhi tukiingia garini, nikamwambia, "Baba, hii ni yako peke yako, watoto wana zao." Akaitikia, "Haya, mwanangu." Saa 8 mchana niliikuta chini kabisa ya mfuko wake, imefunikwa na koti, kizibo hakijaguswa. Maji yalishakuwa moto kama ya kuogea. Mwenyewe kaegemea shina la mti, midomo imemkauka, ananiuliza kwa mara ya tatu leo ni siku gani.

Tulimlaza kivulini, tukamlegeza vifungo, tukamlowesha shingo na makwapa kwa kanga mbichi, Baba Watoto akawa anampepea kwa kipande cha boksi. Kisha tukampakia tukakimbia hospitali. Alitundikiwa dripu, jioni akaruhusiwa, akatoka anatania wauguzi. Mimi kicheko hakikunijia. Usiku, watoto wamelala, nikaenda kukaa karibu naye.

"Baba, kwa nini hukunywa?"

"Ningekunywa ningetaka haja," akasema. "Na choo nilikiona, kiko kule bondeni, ngazi tele. Mngesimama wote kwa ajili yangu. Nikasema acha nivumilie."

Alivumilia saa sita ili asitusumbue.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza mahali pazuri pa kutembea na wazee na watoto wadogo wakati wa joto, simtajii mahali. Namuuliza choo kiko wapi. Wengine hudhani natania. Sitanii hata kidogo. Siku hizi, kabla sijaamua pa kwenda, napiga simu kwanza, na maswali yangu huwashangaza wanaopokea. Sitaki kujua kuhusu ziwa wala maua. Nauliza: kutoka maegesho hadi chooni ni hatua ngapi? Kuna ngazi? Ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Mlango unafungwa kwa ndani bila kuhitaji nguvu? Njiani kuna mahali pa kukaa? Mmoja aliniuliza kama mimi ni mkaguzi wa afya.

Na wala si kwa ajili ya baba yangu tu. Mwaka ule binti yangu, ambaye hapa nitamwita Maswali (mwenye kumjua atajua kwa nini), ndiyo kwanza alikuwa ameacha nepi. Mtoto wa miaka mitatu akisema "mama, mkojo", una dakika moja hivi, labda mbili ukimwimbia. Kumbe nilikuwa na watu wawili garini wenye haja moja, mmoja anaipigia kelele, mwingine anaificha.

Muuguzi mmoja kule hospitali alinieleza jambo ambalo laiti ningelijua mapema. Alisema mwili unavyozeeka kiu nayo huzeeka: mtu anaishiwa maji mwilini kabla hajahisi hata kukaukwa. Figo hazibani maji kama zamani. Ongeza vidonge vya presha, vile vinavyomfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara, na mzee anapoteza maji pande zote huku kichwani mwake hakuna kengele inayolia. Akanionya pia nisije nikajifanya daktari nikamwachisha vidonge siku za matembezi. La kufanya ni kwenda kumuuliza daktari wake kabla joto halijaanza. Tulikwenda. Daktari alibadilisha kitu kidogo tu, lakini kilitufaa.

Watoto nao mwili wao mdogo hupata joto upesi kuliko wetu, na wakishanogewa na mchezo hawakumbuki kama kuna kitu kinaitwa maji. Kwa hiyo kusema "mkisikia kiu mseme" ni kujidanganya. Hakuna atakayesema.

Nilichofanya ni kumpa Maswali filimbi. Yeye ndiye msimamizi wa maji. Kila nusu saa nampa ishara, anapuliza, na kila mtu anakunywa mbele yake, dereva akiwemo. Babu mimi ananikatalia, tena kwa adabu, "nitakunywa baadaye mwanangu". Mjukuu hamkatalii. Anasimama mbele yake, mikono kiunoni, anahesabu mafunda kwa sauti: moja, mbili, tatu, Babu hiyo ya nne umedanganya, sijaona koo likipanda.

Sasa niwataje wahusika wote, maana nimeanzia katikati. Babu ni baba yangu. Bibi ni mama wa mume wangu. Wote wawili wamefiwa na wenzao, na wanapendana kwa ule upendo wa watu wanaochungana: Mzee akipewa kiti cha mbele, Mama ataona. Mama akipewa mtoto ambebe, Mzee ataona. Halafu kuna Maswali, sasa miaka mitano, na mdogo wake wa miaka miwili na nusu ambaye nitamwita Kiroboto kwa sababu anarukaruka hashikiki. Ndugu zangu wawili wanaamini wazee wabaki nyumbani, "mnawachosha bure". Nimeshaacha kubishana nao. Baba yangu akibaki nyumbani siku ya matembezi huwa anakaa dirishani.

Ile siku ya maji nilikuwa nimepanga vituo sita. Sita! Nikitazama karatasi ile leo naona ni ya mtu anayesafiri peke yake, tena ana deni na mtu. Sasa tunakwenda mahali pamoja tu. Tunatoka saa 12 na nusu asubuhi, na saa 5 tumeshaanza kukunja virago, kwa sababu jua la kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni ndilo kali kuliko yote, na mimi nataka muda ule wa mwisho, kuanzia saa 4 hadi tunapoondoka, tuwe chini ya paa. Ukisikia watu wanasema "lakini tumekuja mbali, tukae kidogo", jua hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Kuhusu gari nitasema kwa kirefu, kwa sababu hapo karibu nikosane na mama mkwe.

Kiroboto alilala njiani. Tulipofika, Bibi akasema kwa wema wake wote, "Nyie nendeni na Maswali, mimi nabaki humu na mume wangu," yaani Kiroboto, "nitateremsha vioo kidogo." Nani amkatalie mama mkwe anayejitolea? Lakini gari lililosimama juani, katika dakika 10 za kwanza, joto la ndani linaweza kupanda kwa nyuzi 10 hivi za Selsiasi, na kuteremsha kioo vidole viwili hakubadilishi kitu cha maana. Na hapo ndani wangekuwa wale wale wawili wasiostahimili joto: mtoto mchanga na mzee. Nilisimama na mlango mkononi natafuta maneno. Nikasema, "Mama, nitambeba mimi, wewe nishikie mfuko." Akanyamaza. Alidhani simwamini na mtoto. Ilibidi jioni Baba Watoto amweleze mama yake kwa lugha yao, na hata hivyo ilichukua wiki nzima kabla hajaniita "binti yangu" tena.

Kilichomlainisha ni insulini. Bibi ana kisukari, na dawa yake husafiri kwenye kibegi cha ubaridi, imefungwa taulo isigusane na barafu, kwa sababu ikiganda imeharibika na ikipata joto kali imeharibika pia. Siku moja nilimwona anatoka garini amekikumbatia kibegi chake. Nikamwambia, "Mama, ungekiacha tu, nateremsha vioo." Akaniangalia. Kisha akacheka mpaka akashika mbavu. Hatujazungumza tena habari ile.

Magoti nayo ni somo. Sote tulikuwa tunaogopa kupanda vilima, kumbe Bibi anapanda vizuri tu, polepole, anapumzika, anapanda. Kinachomuumiza ni kushuka. Kila hatua ya kuteremka uzito wote unatua gotini. Kwa hiyo njia inayoanza kwa mteremko mtamu wa dakika 20 siitaki, maana wakati wa kurudi hakuna atakayekuwa na nguvu ya kupanda, na njia inayoanza kwa kupanda siitaki pia, maana kurudi ni kushuka. Natafuta njia bapa, yenye kivuli, na kama haipo tunakaa mahali pamoja na hakuna atakayekufa kwa kutotembea.

Babu hataki fimbo. Ameikataa ya mbao, ameikataa ya chuma, na ile ya kukunja alimpa jirani. Lakini kigari cha Kiroboto anakisukuma kwa fahari. Kiroboto mwenyewe hakai mle hata dakika mbili, kwa hiyo tunakijaza mifuko, chupa na mkeka kiwe kizito kisimkimbie, na Babu anatembea nyuma yake mikono miwili kwenye mshikio, mgongo umenyooka. Watu wakipita wanamsifu: mzee anawasaidia watoto kulea. Sijawahi kumwambia kwamba najua. (Kwenye mteremko nakichukua mimi, kwa kisingizio cha kutafuta kitu ndani. Kigari si mkongojo, kikishika kasi kinamvuta.)

Mwaka jana tulikwenda mahali penye kijito. Maji yanafika kifundoni, mchanga safi, unaona mpaka chini. Watu wazima tulikuwa wanne na watoto wawili, kwa hiyo tulijiona tuko salama salimini. Nilikuwa natandika mkeka. Baba Watoto anafungua mwavuli. Bibi anatafuta miwani. Babu anamwangalia Maswali. Kila mmoja wetu alijua kwa hakika kwamba Kiroboto yuko na mwingine.

Alikuwa amelala kifudifudi majini. Hapakuwa na kelele, wala kupigapiga maji, wala kikohozi. Niliona kisigino kimoja kilichogeuka juu, chekundu kwa ile raba mpya. Nilimnyakua, akatema maji, akavuta pumzi, ndipo kilio kikaja, na sijawahi kupenda kilio cha mtoto kama siku ile. Sijui alikaa mle sekunde ngapi. Baba Watoto anasema tano. Mimi sina jibu.

Kwa hiyo sasa penye maji, hata ya kuloweka nyayo, pana mlinzi. Mmoja tu, mwenye jina. Anavaa kofia ya kijani, na mwenye kofia ya kijani hashiki simu, hapigi picha, hatafuti miwani ya mtu. Baada ya dakika 15 anamkabidhi mwingine kofia kwa kusema kwa sauti, "Kofia yako," na mwenzake lazima ajibu, "Nimeipokea." Wazee waliliona la kitoto mwanzoni. Babu sasa ndiye mkali kuliko wote. Juzi alimfokea mume wangu kwa kusema tu "sawa".

Basi, mwaka huu. Tulikwenda kwenye msitu mdogo wenye njia ya zege iliyozunguka, kilomita moja na nusu, viti kila kona. Choo hatua 30 kutoka maegesho, cha kukaa, nilishakiulizia. Lengo lilikuwa tuzunguke mara moja. Hatukufika hata kona ya pili.

Kiroboto aliwaona sisimizi. Msururu wao ulikuwa unakatiza njia, na katikati yake kulikuwa na bawa la kipepeo, la manjano, linakwenda lenyewe kama tanga la ngalawa. Alichuchumaa. Babu akafunga breki ya kigari, akavuta kigoda chake cha kukunja, akakaa. Mimi nikaanza, "Haya jamani, twendeni, jua—" na Bibi akanishika mkono.

Bawa lilifika kwenye ufa wa zege likakwama. Likainama upande. Sisimizi wachache wakateremka ufani, wengine wakalizunguka kwa nyuma. Babu akanyoosha kidole karibu kabisa, bila kugusa, akaonyesha mmoja aliyekuwa anavuta kuelekea asikotakiwa. "Huyu," akasema, "huyu anawachelewesha wenzake." Kiroboto akatazama kwa makini. "Huyu babu," akasema.

Babu alicheka kikohozi kikamshika. Filimbi ikalia, wakanywa maji wote wawili, macho hawajayatoa chini. Dakika 40 tulikaa pale. Wale wawili wenye mwendo mmoja walikuwa wameona vingi kuliko sisi tuliokuwa tunawahimiza. Bawa lilivuka ufa, likapita majani, likaingia chini ya jiwe. Kisha Babu akasema anataka kwenda haja. Akasema tu, kwa sauti ya kawaida, mbele ya watu wote, akainuka, na Kiroboto akampa mkono wakaenda.

Jumamosi tunarudi kule kule. Babu amepiga simu leo asubuhi kuuliza kama tunaweza kununua kigoda kingine, kidogo, cha mwenzake. Anasema kuchuchumaa kule kutamharibu magoti.