Yule wa kufua nguo

"Weye ni mutoto ya nani?"

Swali la kawaida kabisa kwenye kilio. Nilikuwa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, chini ya turubai, nangoja bukari, yaani ugali, kama watu wote, mzee mmoja wa kofia akanigeukia. Nikamtajia jina la baba. Akafikiri kidogo, uso ukafunguka, akamgeukia mwenzake:

"Ule mwenye alikuwa anafula manguo ya bibi yake!"

Wakacheka wote wawili. Sahani zikafika, habari ikaishia hapo. Kwao. Mimi wiki nzima, mdogo wangu amejifungua mapacha salama, Kyungu na Kabange wako nyumbani, mume wake amepata kazi Kolwezi, na bado niko chini ya lile turubai nasikiliza kicheko cha mzee.

Alicheka namna gani? Kuna kicheko cha kumkumbuka mtu, na kuna cha kumteremsha. Asubuhi ndani ya taksi-basi naona kilikuwa cha kwanza. Usiku, umeme umekatika, nimelala macho, naona ni cha pili. Na mbona alimwambia mwenzake, asiniambie mimi? Baba alisimama mbele ya tanuri la shaba zamu ya mchana na zamu ya usiku mpaka mikono ikajaa makovu ya cheche. Akalea watoto wake na wa ndugu zake. Hajawahi kukosa misa ya Jumapili labda awe kazini. Halafu kinachobaki mjini ni nguo?

Mliokulia kambini, kambi za wafanyakazi wa shaba, mnajua: nyumba zimepangwa mstari, zote sura moja, kila mtu anaona kamba ya mwenzake. Kampuni ilitaka wanaume wakae na wake zao ili wasiikimbie kazi. Mambo hayo yalianza zamani, miaka ya 1920, enzi za Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa Wabelgiji: nyumba, posho, hata mahali pa akina mama kujifunza kushona, na mama ndipo alipojifunzia. Lakini bwana na bibi wataishi vipi humo ndani, hilo lilikuwa lao wenyewe.

Kwa wazazi wangu jibu lilikuwa Jamaa, chama cha watu wa ndoa ndani ya Kanisa Katoliki. Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, ndiye aliyeianzisha miaka ya 1950 kule upande wa Kolwezi, kati ya watu wa migodi. Uzima, uzazi, mapendo: maneno hayo niliyasikia kwetu kabla sijajua kusoma. Watu wa ndoa waliingia pamoja, bwana na bibi yake, wakaitana baba na mama hata na watu wasio wa ukoo wao. Na hata maaskofu walipoanza kuwa wakali na Jamaa, miaka ya 1970, hao wawili hawakuacha kukaa mlangoni jioni na kusimuliana ndoto za usiku. Baba alikuwa na ndoto ndefu mno. Mama alisikiliza mpaka mwisho, na hiyo nayo ni sadaka.

Nikampigia simu yaya, ndugu yangu mkubwa, nikamweleza yote, na sauti ya yule mzee nikaiiga.

"Sasa?" akasema. "Alisema uwongo?"

Nikakosa jibu. Yaya naye akaanza kucheka, na yeye akianza hamalizi.

Kumbe lilikuwa jambo la Septemba. Shule zikikaribia kufunguliwa, mama alikuwa anapokea kazi ya nguo za wanafunzi, cherehani inalia mpaka usiku, na za kwetu zinarundikana. Baba akitoka zamu ya usiku, kabla ya kulala, anavuta ile nusu pipa mpaka mbele ya nyumba. Mama anamwambia aende nyuma ya jikoni. Hataki. Mbele ndiko kuna jua.

"Baba batoto, weye unaogopa hii kikwembe italia?" Ndivyo mama alivyomwambia, maana hakujua kukamua, maji yalibaki nusu ndani ya nguo.

Na rozari alikuwa anaisali pale pale kwenye kamba. Kibanio kimoja, Salamu Maria moja. Yaya anaapa kwamba asubuhi moja nguo ziliisha Salamu Maria kumi za fungu bado hazijatimia, baba akaingia ndani, akafungua kabati, akatoa taulo safi lililokunjwa vizuri, akalichovya majini, akalianika. Mama aliacha cherehani akatoka nje. Aliyoyasema siyaandiki hapa.

Basi yule mzee wa kofia lazima alikuwa anapita njia ile asubuhi, naye akitoka zamu. Ningejua anapokaa ningemfuata nimwulize kama siku ya taulo alikuwepo.

Jambo lingine. Jirani wa juu, yule wa mbuzi, ameanza kuchimba choo upande wa kisima chetu, hatua chache tu kutoka ukutani. Novemba mvua ikishika, maji yote ya kule yanateremkia kwetu, na mnajua sasa kutakuwa na mapacha wa kuogeshwa kila siku. Mume wangu anasema tungoje kwanza tuone atachimba mpaka wapi. Tuone nini? Ningeenda kwa shefu wa avenue, mkubwa wa barabara yetu, ila ni shemeji yake.