Makro iliyoishia mstari wa 214

Kila mwisho wa mwezi hupokea kutoka kwa mwajiri orodha ya makato ya wanachama wa SACCOS yetu, na kabla haijaingia vitabuni inanibidi niisafishe: nifute mistari mitupu, niihamishe safu ya namba za uanachama iwe ya kwanza, na nirekebishe namba za simu, kwa kuwa Excel huzichukulia kama tarakimu za hesabu na kuondoa sifuri ya mwanzo, hata 0754 ikabaki 754. Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi hiyo kwa mkono, karibu saa mbili kila mara, na kadiri macho yalivyochoka ndivyo makosa yalivyoongezeka.

Makro ndiyo iliyoniondolea mzigo huo. Makro ni mfululizo wa maagizo ambayo programu huyahifadhi na kuyarudia kwa mpangilio uleule kila unapoyaita. Si lazima ujue kuandika programu: unafungua View, unabonyeza Macros, unachagua Record Macro, unaipa jina lisilo na nafasi, kisha unafanya kazi yako kama kawaida hadi unapobonyeza Stop Recording. Wakati huo Excel huwa inaandika hatua zako kwa lugha ya VBA, ambayo imekuwamo ndani yake tangu mwaka 1993. Faili lihifadhiwe kwa muundo wa xlsm, maana ule wa kawaida wa xlsx hautunzi makro. Kazi yangu ya saa mbili ikawa inakwisha kabla sijamaliza kunywa chai.

Mwezi wa nne, mama mmoja ambaye ni mwanachama wetu wa siku nyingi alikuja ofisini akimwongoza binti yake aliyejiunga karibuni. "Mwanangu," aliniambia, "huyu amekatwa mshahara, lakini ujumbe wa kuthibitisha hajaupata. Fedha yake iko wapi?" Nilifungua orodha na kukuta namba ya simu ya binti huyo haijaguswa, wala za wenzake 22 waliojiunga pamoja naye. Nilipoirekodi makro, orodha iliishia mstari wa 214, na kinasa hatua cha Excel, kisipoelekezwa vinginevyo, huandika anwani kamili za seli: kuanzia A2 hadi A214, basi. Wanachama wapya walikuwa chini ya hapo. Makro haikutoa onyo lolote, kwa sababu kwa upande wake ilikuwa imefanya yote iliyoagizwa. Nilimwomba mama yule radhi, kisha nikakaa hadi jioni nikilinganisha orodha na taarifa ya benki, jina kwa jina.

Dawa yake ni kuiacha makro itafute yenyewe mwisho wa orodha. Nilifungua maagizo kwa Alt+F11, na mahali palipoandikwa 214 nikaweka kipimo hiki: Cells(Rows.Count, "A").End(xlUp).Row. Maana yake ni kwamba programu inashuka hadi mstari wa mwisho kabisa wa karatasi, ambao ni wa 1,048,576, kisha inapanda hadi ikutane na seli ya kwanza yenye maandishi. Tangu hapo orodha inaweza kurefuka ipendavyo. Jambo jingine ambalo ningependa kila mhasibu alijue mapema ni kwamba kazi iliyofanywa na makro hairudishwi kwa Ctrl+Z, kwa hiyo mimi huanza kwa kunakili faili, na makro huiendesha kwenye nakala.

Kuhusu faili zenye makro zinazotumwa na watu usiowajua, usiziruhusu ziendeshe chochote. Kirusi cha Melissa kilienea duniani mwaka 1999 kupitia makro ya Word, na tangu mwaka 2022 Microsoft huzizuia makro za faili zilizotoka kwenye intaneti hadi mwenyewe uziruhusu.

Mwishoni mwa maagizo yangu nimeongeza kisanduku kinachotaja idadi ya wanachama waliopitiwa, nami sifungi faili kabla sijailinganisha na daftari la wanachama. Mwezi uliopita kisanduku kilionyesha 241, daftari likawa na 242. Aliyekosekana alikuwa mstaafu ambaye mwajiri hamkati tena, nikampigia simu siku hiyohiyo.