Nilivyoifanya PS2 ichezeke kwenye flati

Nilipoingiza flati, yaani TV bapa, kwenye banda langu la gemu, walioikimbia ni wachezaji wazuri. Watoto waliufurahia ukubwa wake, lakini mafundi wa gemu ya mpira ya PES, wale wa "mshindi anabaki", walikuwa tayari kupanga foleni kwenye chogo, TV ya zamani yenye kisogo, la inchi 21 huku flati iko wazi. Lalamiko lao lilikuwa moja: pedi nzito, yaani unabonyeza na mchezaji anachelewa kuitika. Nikabadilishana pedi kati ya TV hizo mbili, uzito ukabaki palepale kwenye flati.

Nikanunua kigawanyio cha waya wa AV, ule wa picha wenye kichwa cha njano, nikaunganisha mashine moja ya PS2 kwenye TV zote mbili, nikaziweka bega kwa bega na kurekodi kwa simu, video ya mwendo wa polepole. Kwenye chogo mpira umeshaondoka. Kwenye flati mchezaji ndiyo kwanza anainua mguu.

Chogo halihifadhi kitu. Mawimbi yanayoingia kwa waya wa njano huongoza mwale wa elektroni upige kioo papo hapo, mstari kwa mstari, kutoka juu hadi chini. PS2 ilitoka mwaka 2000 na ilitengenezewa TV za namna hiyo: kwa mfumo wa TV uitwao PAL hutuma nusu picha 50 kila sekunde, mara mistari ya witiri, mara ya shufwa. Flati haiwezi kuonyesha nusu. Huzipokea, huziunganisha, huzinyoosha zijaze pikseli zake, halafu huongeza manjonjo ya kusafisha rangi na kulainisha mwendo. Kila hatua inakula milisekunde. Mtazamaji wa tamthilia hana habari, kwa sababu sauti nayo hucheleweshwa ilingane na picha. Mpiga penalti anazo.

Dawa kubwa ilikuwa kwenye rimoti. Ndani ya menyu ya picha kuna chaguo la Game. Nilipoliwasha manjonjo karibu yote yakazimika, na tofauti ikaonekana hata bila kurekodi. TV yangu hulikumbuka chaguo hilo kwa kila tundu peke yake, kwa hiyo kuliweka ukiwa kwenye tundu la HDMI, la mashine mpya, hakulisaidii la AV. Kisha nikatafuta waya wa komponenti, wenye vichwa vya kijani, bluu na nyekundu kwa ajili ya picha. Kabla ya kuuchomeka, ingia System Configuration ya PS2 ubadilishe Component Video Out. Ukungu wa rangi ulitoka na herufi zikakaza, ila ucheleweshaji haukupungua, maana picha bado inakuja nusu nusu. Mwisho nikarudisha umbo la 4:3. Wateja walinuna kuona weusi pembeni, lakini heri weusi kuliko mpira wenye umbo la yai.

PS1 ina ugomvi mwingine na flati. Gemu zake nyingi huchanganya rangi kwa vidoti, na chogo pamoja na waya wa njano viliviyeyusha hadi jicho likaona kivuli laini. Sega nao walifanya hivyo kwenye Sonic ya 1991: maporomoko ya maji yamechorwa kwa mistari ya wima yenye mapengo, na waya ndio uliokamilisha maji. Flati inaanika kila kidoti. Wanaosema picha za PS1 zilikuwa mbovu, wengi wao nadhani wameziona kwenye kioo ambacho hazikuchorewa.

GunCon ya Namco, bastola ya kuchezea gemu za kulenga shabaha, ndiyo niliyoshindwa kuihamisha kabisa. Hulenga kwa kusoma wakati mwale unapopita mbele ya mtutu. Flati haina mwale, basi.

Upande wa pili, PS4 ya 2013 hutoa picha kwa HDMI tu. Nikaipeleka kwenye chogo kwa kigeuzi cha HDMI kwenda AV: ikawaka, ikachezeka, lakini majina ya wachezaji hayasomeki na kingo zimekatwa. Kigeuzi hakina kosa. Gemu za enzi ya chogo zilikuwa na herufi kubwa, matokeo yamesogezwa ndani kwa kuwa chogo hukata kingo, na ile ramani ndogo ya uwanja ilikuwa na kazi kwelikweli: winga wako alikuwa nje ya picha. Ilipokuja 16:9 winga akaonekana, na watengenezaji wakapunguza maandishi wakiamini kila mtu ana pikseli za kutosha. Dead Rising ya 2006 kwenye Xbox 360 ililalamikiwa kwa hilo hilo na wenye TV za zamani.

Sasa PS4 ziko kwenye flati, PS2 kwenye machogo, isipokuwa moja yenye waya wa komponenti kwa wapenda ukubwa. Nikienda kununua flati ya mtumba nabeba PS2 na waya wake, namwomba muuzaji aifungue menyu ya picha. Chaguo la Game lisipokuwepo, namshukuru naondoka. Machogo mafundi wa TV wanayatoa kwa bei ya kutupa. Ninayo mengine stoo.