Tangazo la kubeti katikati ya uchambuzi wa mpira

Jana, nikiwa kwenye kiti cha kinyozi hapa Majengo, Moshi, redio ilikatiza uchambuzi wa mpira kwa tangazo la kubeti, na kijana aliyesubiri zamu akautoa mkeka wake wa kubeti mfukoni, uliokunjwa hadi ukaanza kuchanika. Nilikumbuka uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 1999, kwamba vituo vya Louisiana, ambako kasino ni halali, havikupaswa kuzuiwa na sheria kutangaza kasino za watu binafsi ilhali sheria hiyohiyo iliziachia zile za makabila ya wenyeji. Hoja hiyo naikubali, ingawa kwa shingo upande. Ibara ya 18 ya Katiba yetu hulinda uhuru wa maoni, nayo ya 30 huuwekea mipaka. Mimi ningeanza kuyawekea mipaka matangazo ya kubeti katika saa ambazo watoto wanasikiliza.