Rob na Steal

Simu niliiacha juu ya rundo la mashati. Ilikuwa Jumamosi, mwaka 2008, pale Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, nimetoka tu kufungua robota jipya na wateja wamenizunguka, kila mmoja anavuta lake. Wakaja vijana wawili. Mmoja aliuliza bei ya shati la mikono mirefu, mwenzake akanyoosha mkono. Hakuna aliyenigusa wala kunitishia. Nilisikia tu mama wa kibanda cha pili akipiga kelele, "Mwizi!"

Mmoja alitokomea na simu upande wa mtoni. Wa pili alidakwa na wabeba mizigo, na anayeijua Gikomba anajua kinachofuata: mawe, kisha mtu ataje tairi la kumchomea. Nilimsihi mzee wa soko mpaka sauti ikanikauka, ndipo tukampeleka kituoni, shati limeraruka, mguu mmoja hauna kiatu.

Afisa aliandika kwenye OB, daftari la matukio la polisi, kisha akachukua karatasi ya taarifa yangu. Mimi nasema Kiswahili, yeye anaandika Kiingereza. "Wameniibia simu, afande." Alipomaliza akanisogezea. "Soma, siste, uweke sahihi."

Mstari wa tatu ulisema: two young men robbed me of my phone.

Hakuwa na nia mbaya, na hilo nalisema mpaka leo. Sisi tunaiba kitu, tunamwibia mtu. Yeye alisikia "wameniibia", mtu yumo ndani ya kitenzi, akatafuta kitenzi cha Kiingereza kinachompokea mtu. Steal hakimpokei, ukiandika they stole me, umesema umetekwa. Kinachompokea ni rob: unaanza na mtu, au benki, halafu kitu kinafuata nyuma ya of. Kisarufi alikuwa sawa kabisa. Ila rob kina nguvu au vitisho ndani yake. Ni kunyang'anya, na mimi sikunyang'anywa.

Nililijua hilo kwa sababu ya jirani yetu wa Kariobangi. Kijana wake alikuwa gereza la Kamiti akingoja kitanzi kwa wizi wa mabavu, na kila alipotoka kumwona, mama yule aliketi jikoni kwetu akitutajia vifungu vya sheria kama mtu anayetaja majina ya wanawe. 275, wizi wa kawaida, usiozidi miaka 3. 296, unyang'anyi, hadi miaka 14. Na wanyang'anyi wakiwa wawili au zaidi, hata kama hawana silaha, ni kifo, na siku hizo hakimu hakuwa na hiari. (Mwaka uliofuata Rais Kibaki aligeuza hukumu za kifo za wafungwa zaidi ya 4,000 kuwa kifungo cha maisha. Mama yule alipiga vigelegele peke yake uani.)

Walioniibia mimi walikuwa wawili. Wa mbele yangu alionekana kama wa miaka 20.

"Afande, hapa uandike stole."

"Si ni kitu kimoja? Simu imeenda."

"Si kimoja. Hawakunishika. Andika ilichukuliwa juu ya mashati."

Alinitazama kwa muda. Nilikuwa na hasira na kijana yule, simu nilikuwa sijaimaliza hata kulipa, lakini mkono wangu ulikataa kushika biro. Mwishowe afisa alikata robbed me of kwa mstari mmoja, akaandika juu yake stole, na mbele ya simu akaongeza from a heap of shirts. Akaniambia niweke sahihi pale pembeni alipokata. Nikaweka, nikaweka na chini.

Jumatatu, mahakamani Makadara, karani alimsomea shtaka kwa Kiswahili: kwamba yeye na mwenzake ambaye hayuko kortini waliiba simu.

"Ni ukweli," akajibu.

Safari hii miguu yote miwili ilikuwa na patipati, moja ya bluu, moja nyekundu.